Programu Gani ya Kuhariri Picha Nianze Nayo? Somo kwa Mpiga Picha Anayeanza

Ndugu msomaji, Idd inapokaribia au msimu wa harusi unapoanza, wanafunzi wenzetu walioanza kushika kamera huuliza swali moja: "Nitumie programu gani kuhariri picha?" Wengi hujibiwa kwa neno moja, Photoshop, kisha hupewa flashi yenye programu hiyo iliyovunjwa kufuli, yaani iliyoondolewa ulinzi wa leseni ili itumike bila kulipiwa. Somo huishia hapo.

Swali hilo linastahili jibu refu zaidi, kwa sababu kwa baadhi yetu kamera si mchezo. Harusi moja Kamembe au Bugarama inaweza kumsaidia mwanafunzi kulipa chumba na chakula. Ujira huo ni riziki, na riziki huulizwa imetoka wapi. Kwa hiyo nitajibu hivi: anayeanza achague programu ambayo kazi yake inaihitaji, kifaa chake kinaimudu, na ndani yake hamna haki ya mtu iliyochukuliwa. Programu za namna hiyo zipo, ni za bure, na zinatosha kumfikisha mtu kwenye kazi ya kulipwa. Tuangalie kwanza maana ya kuhariri, kisha maswali ya kujiuliza, kisha programu zenyewe, na mwisho hukumu na adabu zake.

KWANZA: KUHARIRI NI NINI?

Wapo wanaodhani kuhariri picha ni kudanganya. Inaweza kufika huko, lakini asili yake siyo hiyo. Kamera haioni kama jicho. Jicho humtazama mtu aliyekaa kivulini huku dirisha la nyuma yake likiwaka jua, na likaviona vyote viwili. Kamera haiwezi, ikiokoa dirisha, uso unakuwa giza, na ikiokoa uso, dirisha linaungua.

Chukua mfano tunaoujua sote. Watu wametoka kuswali Idd, saa mbili asubuhi, jua limepanda. Kanzu ni nyeupe, nyuso ni nyeusi. Kamera inapopima mwanga, weupe wa kanzu huidanganya ikadhani mahali pote pana mwanga mwingi, hivyo inapunguza. Matokeo yake kanzu zinapendeza, na nyuso hazitambulikani. Mpiga picha akiongeza mwanga kupita kiasi, nyuso zinaonekana, lakini kanzu zinageuka bapa jeupe lisilo mshono wala mkunjo. Kuhariri, kwa maana yake ya msingi, ni kuzirudishia nyuso mwanga wake bila kuiunguza kanzu. Ni kuirudisha picha karibu na kile jicho lilichokiona.

Kazi hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilikuwa na zama zake za picha nyeusi na nyeupe, wakati picha zilipooshwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza. Katika chumba kama hicho fundi aliweza kukinga sehemu ya karatasi isipate mwanga mwingi, ili itoke nyeupe zaidi, au kuiongezea mwanga ili itoke nyeusi zaidi. Programu za leo zina zana mbili kwa kazi hiyo hiyo, na katika Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, alama ya mojawapo bado ni mkono. Tulichopokea ni ufundi wa wazee uliohamia kwenye kioo.

PILI: MASWALI MANNE KABLA YA KUPAKUA

Swali la kwanza: picha zako zinakwenda wapi? Ikiwa ni za kutumiana kwenye simu na kuchapisha picha ndogo za albamu, huhitaji mtambo mkubwa. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapishwa vizuri, inahitaji pikseli zipatazo 1,200 kwa 1,800, yaani pikseli milioni mbili na kidogo. Simu nyingi za leo hupiga milioni 12 au zaidi. Kwa kazi hiyo programu ya simu inatosha kabisa. Ikiwa unapiga harusi yenye picha mia sita, zote zikitakiwa zifanane rangi, basi unahitaji programu ya kompyuta inayoweza kuhariri nyingi kwa pamoja.

Swali la pili: unapiga JPEG au RAW? Tofauti yake ni kama ya ugali na unga. JPEG ni ugali uliokwisha songwa: kamera imekwisha amua mwanga na rangi, ikatupa taarifa ambazo haikuzihitaji, ikakupa faili dogo. RAW ni unga: taarifa zote ambazo kamera ilizipata bado zimo, na wewe ndiye utakayepika. Kwa hesabu, JPEG ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila moja ya rangi tatu za msingi. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Ndiyo maana uso uliotoka giza kwenye RAW unaweza kuokolewa, na kwenye JPEG ukijaribu kuunyanyua sana unatoka madoa na chengachenga. Gharama ya RAW ni nafasi: kwa kamera ya pikseli milioni 24, faili moja mara nyingi huwa kati ya MB 20 na 30, hivyo kadi ya GB 32 inajaa kwa picha elfu moja hivi. Na si kila programu inafungua RAW. Anayepiga JPEG kwa sasa asijione duni. Achague programu ya JPEG, na siku akihamia RAW atahama na programu.

Swali la tatu: kifaa chako kina nguvu gani? Kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itaendesha programu nyepesi bila shida, lakini programu za RAW zitaichosha. Ukiwa na GB 8 na kuendelea, utafanya kazi kwa raha. Tazama hilo kabla ya kutumia bando lako kupakua kitu ambacho hakitafunguka.

Swali la nne: picha inabaki kwako au inapelekwa kwingine? Swali hili husahaulika, na kwetu sisi ni kubwa. Katika harusi nyingi kuna upande wa akina mama, na dada anayepiga huko hubeba picha za wenzake wakiwa hawana hijabu. Hizo ni amana. Zipo programu za kurembesha nyuso ambazo, ili zifanye kazi, huituma picha kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, na wewe umekubali masharti bila kuyasoma. Bibi harusi hakukubali. Kwa picha za namna hiyo chagua programu inayofanya kazi yote ndani ya kifaa chako, hata intaneti ikizimwa. Na sheria ya nchi nayo imo: Rwanda ina Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inayolinda taarifa binafsi za watu na faragha yao.

TATU: PROGRAMU ZENYEWE

Nitazitaja chache tu, zile ambazo anayeanza anaweza kuzipata kihalali.

Snapseed. Ni ya simu, za Android na iPhone. Ilitoka mwaka 2011, na mwaka 2012 Google ikainunua kampuni iliyoitengeneza. Ni ya bure na haina matangazo. Ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Inakumbuka hatua ulizopita, hivyo unaweza kurudi kwenye hatua ya tatu ukairekebisha bila kuanza upya. Inaweza pia kufungua RAW ya aina ya DNG, ambayo baadhi ya simu huipiga. Kwa mwanafunzi mwenye simu tu, mimi ningesema aanze hapa na atulie hapa.

GIMP. Hii ni ya kompyuta, iwe ya Windows, Linux au Mac. Wanafunzi wenzangu, historia yake inatuhusu: ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Waliitoa kwa watu bure, wengine wakaiendeleza, na Machi 2025 lilitoka toleo la 3.0. Inafaa kwa kazi ya picha moja moja: kufuta waya uliopita juu ya vichwa vya watu, kuondoa doa, kuweka maandishi, kutengeneza bango. Haifai kwa kupanga picha mia sita za harusi.

darktable na RawTherapee. Hizi ni za kompyuta na kazi yake kubwa ni RAW. darktable ipo tangu mwaka 2009. Ukiipa picha, haiigusi picha yenyewe: inaandika maagizo yako kwenye faili dogo la pembeni, na picha ya asili inabaki kama ilivyotoka kwenye kamera. Unaweza kuhariri picha moja ya ukumbini, ukanakili marekebisho yake kwenye picha nyingine hamsini zilizopigwa chini ya taa zile zile. Hapo ndipo unapookoa usiku mzima. Ugumu wake ni kwamba ina vitufe vingi na inataka kompyuta yenye nguvu. Siku za mwanzo itakutisha; jifunze vitufe vitano tu, mengine yatakuja. Ikiwa kompyuta yako inalemewa, jaribu RawTherapee. Zote hizi, pamoja na GIMP, unaweza kuziweka kwa Kifaransa au Kiingereza.

Photopea. Hii haisakinishwi, unaifungua ndani ya kivinjari cha intaneti. Imetengenezwa na Ivan Kutskir, na ipo tangu mwaka 2013. Sura yake inafanana na Photoshop na inafungua mafaili ya PSD. Ni ya bure, lakini ina matangazo. Ijapokuwa inafunguliwa kwa intaneti, picha huhaririwa ndani ya kompyuta yako. Inamfaa anayetumia kompyuta za maabara ya chuo, ambako huruhusiwi kusakinisha chochote. Ukimaliza, usisahau kufuta picha ulizoziacha kwenye mashine ya watu.

Photoshop na Lightroom. Hizi ni za kampuni ya Adobe na ni zana nzuri, hakuna ubishi. Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, ni ya kupanga na kuhariri picha nyingi, na ya simu ina sehemu ya bure. Tangu mwaka 2013 Adobe iliamua kuuza programu zake kwa malipo ya mwezi au mwaka badala ya kuuza mara moja. Maana yake ni kwamba siku ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Mwenye wateja wa kudumu anaweza kuona malipo hayo yanajirudisha. Anayeanza, ambaye hata kadi ya benki ya kulipia mtandaoni hana, hahitaji kuanza na deni la kila mwezi.

Wengi pia huuliza kuhusu Canva. Canva ni nzuri kwa mabango, kadi za mwaliko na matangazo ya darsa. Kwa kuokoa picha iliyotoka giza, tumia mojawapo ya zilizotangulia, kisha upeleke picha safi Canva.

NNE: FLASHI ILE ILE, HUKUMU MBILI

Sasa turudi kwenye ile flashi ya mwanzo. Baadhi ya ndugu husema: "Adobe ni matajiri, nakala yangu moja haitawaumiza." Wengine husema: "Sina uwezo, hii ni dharura."

Kuhusu hoja ya kwanza, utajiri wa mwenye mali haujawahi kuihalalisha mali yake kwa mwingine. Na ubunifu ni mali. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni haki za wenyewe, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Azimio hilo lilipitishwa kabla hata Photoshop ya kwanza haijatoka.

Kuhusu hoja ya pili, tuliosoma kanuni za fiqhi tunajua kwamba dharura huruhusu kilichokatazwa, lakini pia tunajua kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake, na kwamba huwa haipo pale njia ya halali inapokuwepo. Hapa ndipo GIMP, darktable na Snapseed zinapobadilisha mas'ala. Mtu angeweza kubishana zamani kwamba hakuna njia nyingine. Leo njia ipo, ni ya bure, na inafanya kazi. Dai la dharura limeondoka.

Angalia tofauti ilivyo nzuri. GIMP na darktable ni programu huria: wenyewe wameandika katika leseni zao kwamba unaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kumpa mwenzako. Flashi ile ile inayopita mkono kwa mkono bwenini, ikibeba programu iliyovunjwa kufuli, inasambaza haki ya mtu. Ikibeba GIMP, unamsaidia ndugu yako asimalize bando, na mwenye mali ameridhia. Kwa nini tuchague ya kwanza?

Tusisahau madhara ya kidunia. Anayesakinisha programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huambiwa azime kwanza kinga ya virusi. Amefungua mlango mwenyewe, kwa faili lililotengenezwa na mtu asiyemjua, kwenye kompyuta yenye picha za harusi ya watu. Picha zikifungwa na virusi au zikipotea, arusi hairudiwi. Hata uwarudishie fedha zao, picha ya bibi mzee aliyekuja kutoka mbali siku ile hutaipata tena.

TANO: ZOEZI LA PICHA MOJA

Chukua picha ya familia iliyopigwa nje siku ya Idd, fungua programu uliyochagua, na fuata utaratibu huu. Utaratibu ni huo huo katika programu zote.

1. Nakili picha. Asili iweke mahali pake, usiiguse. Ukiweza, weka nakala nyingine kwenye flashi au diski ya nje.

2. Nyoosha na kata. Ukuta wa msikiti usilale upande. Ondoa ndoo na pikipiki za pembeni kwa kukata, kabla hujafikiria kuzifuta.

3. Sahihisha weupe. Tafuta kitu unachojua ni cheupe, kama kanzu au kofia iliyo kivulini. Kikiwa cha njano au buluu, rekebisha mpaka kiwe cheupe. Rangi za nyuso zitajisahihisha zenyewe kwa kiasi kikubwa.

4. Nyanyua vivuli, shusha sehemu zinazong'aa. Nyuso zipande polepole, na uangalie kanzu: mishono ikianza kupotea, rudi nyuma. Tazama histogramu, ule mchoro wa vilima. Vilima vikigonga ukuta wa kulia, kuna weupe ulioungua.

5. Ondoa kile tu kilichopita. Vumbi la lenzi au waya. Katika Snapseed zana hii ina alama ya plasta.

6. Acha, kisha rudi. Jicho huzoea kosa. Iache picha mpaka kesho, ufungue ukiwa na kioo chenye mwanga wa wastani, na uilinganishe na asili. Mara nyingi utakuta umezidisha, punguza.

7. Hifadhi kwa JPEG yenye rangi za sRGB, ambazo simu na studio nyingi za kuchapisha huzielewa. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na ubora unashuka.

Fanya zoezi hili kwa picha thelathini kwa programu moja, bila kuhamahama. Mshika mawili moja humponyoka. Anayebadilisha programu kila wiki anajifunza mahali pa vitufe, hajifunzi mwanga.

SITA: MPAKA WA KUHARIRI

Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu picha ya kamera tangu ilipoingia katika nchi za Waislamu, na tofauti hiyo tuiheshimu. Miongoni mwa walioijuzisha mapema ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20. Hoja yake ilikuwa kwamba kamera haiumbi sura, bali inakizuia kivuli cha kitu kilichopo, kama kioo kilichoshika taswira isiondoke.

Anayeitegemea hoja hiyo aitazame vizuri anapofungua programu. Ukisahihisha mwanga na rangi, bado umeshika kioo; umekifuta vumbi tu. Ukimpunguza mtu kiuno, ukambadilisha pua, ukamweka mahali ambapo hakuwepo, kivuli hicho si cha mtu yeyote. Umetoka kwenye hoja iliyokuruhusu.

Jambo la kwanza la kupima hapa ni rangi ya ngozi. Kuanzia mwishoni mwa 2018, Rwanda iliendesha msako mkali wa vipodozi vya kuchubua ngozi madukani. Ni ajabu basi kwamba vipodozi vimeondolewa rafuni na sisi tunawapaka maharusi wetu kwa kidole, kwenye kioo cha simu. Bibi harusi mweusi aliyepigwa picha vizuri ni mweusi mwenye mwanga usoni. Nyanyua mwanga, usibadilishe rangi aliyoumbwa nayo.

Jambo la pili ni biashara. Wapo wanaopiga picha za bidhaa kwa ajili ya wauzaji. Tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikapata unyevu ambao mwenye mali alikuwa ameufunika kwa nafaka kavu juu, naye akamkemea. Ukifuta mkwaruzo wa simu ya mtumba kabla ya kuiweka picha sokoni, umefunika nafaka mbichi. Rekebisha mwanga, mkwaruzo uache uonekane.

Jambo la tatu ni habari, kama ripoti za jumuiya yetu kuhusu misaada na shughuli. Mwaka 1984 dunia iliamka kuhusu njaa ya Ethiopia kwa sababu ya picha za Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963. Watu walitoa mali zao kwa sababu waliamini walichokiona. Imani hiyo ndiyo mtaji wa picha ya habari. Mwaka 2015 shirika la Reuters liliwataka wapiga picha wake wa kujitegemea watume JPEG ya asili kutoka kwenye kamera, si ile iliyotengenezwa kutoka RAW. Kwa picha za ripoti, basi, kata, sahihisha mwanga, na uishie hapo. Usiongeze gunia la mchele ambalo halikuwepo, wala usimwondoe mtu aliyekuwepo.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, tukusanye. Mwenye simu peke yake aanze na Snapseed. Mwenye kompyuta ndogo na picha za JPEG aanze na GIMP. Anayetumia kompyuta za chuo atumie Photopea. Anayepiga RAW na ana kompyuta yenye nguvu aende darktable, au RawTherapee ikiwa mashine inalemewa. Adobe aijie siku ambayo kazi yake inaweza kuilipia.

Maswali ya kujadili katika halaqa:

1. Mteja amekuletea picha na kutaka umpunguzie miaka kumi usoni. Utamjibu nini, na kwa hoja gani?

2. Ndugu yako ana programu iliyovunjwa kufuli na amekwisha pata ujira kwayo. Utamnasihi vipi bila kumvunja moyo?

3. Picha za harusi uliyoifanya mwaka jana bado zimo kwenye kompyuta yako. Je, mliafikiana zikae muda gani, na ziko salama?

Swali la tatu linaweza kujibiwa leo hii kabla ya kulala. Fungua kompyuta, tazama kilichomo, mpigie mwenye harusi, mkabidhi picha zake zote, kisha ufute kile ambacho hakukuruhusu ubaki nacho.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.